Kitanda Kilichofagia Jangwa

Kutu iliyochanganyika na mchanga ina harufu yake. Si kama kutu ya msumari, wala ya sufuria lililosahauliwa mvuani. Ni kavu, inakwaruza koo, kama mtu amekaanga sarafu bila mafuta. Niliisikia tena majuzi nikiwa nimesimama karibu na pipa kubwa la taka nyuma ya jengo moja la Al Qusais, hapa Dubai, mkono wangu umeshika kichwa cha kitanda cha chuma, kile cha springi. Mlinzi wa jengo, kijana mwenye adabu zake, akaja akaniuliza, "Madam, hiki unatupa au unauza?" Nikamwambia anisubiri kidogo. Akasubiri, masikini, bila kujua kwamba mimi nimeshaondoka pale. Nilikuwa na umri wa miaka saba, na jua lilikuwa la Ijumaa.

Wenzangu mliokulia katika vile vyumba, familia moja nyuma ya ukuta wa ubao na nyingine nyuma ya pazia, mtaikumbuka sheria ambayo hakuna mkubwa aliyetufundisha: kitanda kikitoka, watu watafuata. Familia ikishaamua kurudi nyumbani haisemi. Visa, shule, kafeel, yule mdhamini wa kazi, kafanya nini, hayo ni ya wakubwa, nao huyanong'ona jikoni huku bomba limefunguliwa. Watoto huambiwa mwisho kabisa, mabegi yakiwa yameshafungwa, wasije wakalitangaza shuleni. Lakini kitanda hakifichiki. Ndicho kikubwa kuliko vyote, na ndicho kinachopata mnunuzi kwanza, kwa hiyo kinatangulia, na wenyewe wanamalizia siku zao kwenye godoro sakafuni. Baada ya kitanda, friji. Baada ya friji, watu.

Elimu hii niliipata kwa Rukia, mtoto wa chumba cha pili, ambaye tulikuwa tukigawana hata chingamu iliyokwisha utamu. Siku moja alinijia ngazini akasema, "Kitanda chetu kimechukuliwa."

"Na nani?"

"Mtu tu. Mama kasema ni kwa muda, kitakuja kingine."

"Friji lipo?"

"Lipo."

Tukaendelea kucheza. Halafu friji likaenda. Halafu Rukia akaenda, nikabaki na kibanio chake kimoja cha nywele na ujuzi wa kunitosha maisha.

Sasa nije kwa Baba. Baba alikuwa akiendesha foklifti katika ghala la vipuri vya magari, siku sita kwa wiki chini ya bati ambalo mchana ungeweza kulikaangia mayai ya kijiji kizima. Siku ya saba, badala ya kulala kama waume wengine, alikuwa akienda kufagia jangwa. Hayo ni maneno ya Mama, na alikuwa akiyasema kwa kila aliyepiga hodi. "Mume wangu hayupo. Kaenda kufagia jangwa. Ukimkuta bado hajalimaliza, mwambie chakula kiko mezani."

Jangwa lenyewe lilikuwa mwendo wa kama nusu saa, nyuma ya ghala za mwisho. Kulikuwa na klabu ya watu wenye pikipiki za magurudumu manne, zile zilizonona mgongo, ambazo sisi watoto tuliziita kobe. Klabu ilikuwa na njia yake, mduara mrefu uliopanda vilima vya mchanga na kushuka, ukapotea nyuma ya kilima kikubwa kuliko vyote. Lakini haikuwa njia ya kobe peke yao. Alfajiri walipita wenye ngamia wakizoesha ngamia wao, na majira ya baridi walipita watembea kwa miguu na watu wa baiskeli wenye matairi mapana. Njia ya wote, na kama mjuavyo, kitu cha wote hakina mwenyewe, isipokuwa ajitokeze mtu wa kukionea huruma.

Na jangwa halishiki njia. Upepo wa shamali ukivuma siku mbili tu, upepo wenye uwezo wa kumng'oa mzee meno aliyobakiza, njia inafutika kama vile hakuna aliyewahi kupita. Alama za njia zilikuwa matairi makuukuu yaliyopakwa rangi nyeupe na kuzikwa nusu, na kila Ijumaa nusu ya pili nayo ilikuwa imezikwa na upepo. Wale waliojitolea walikuwa wakiyafukua, wakiokota chupa na waya na misumari, wakisimamisha vibendera. Cha ajabu ni kwamba katika wote wale waliokuwa wakiitunza njia ya kobe, wenye kobe hawakuzidi wawili. Waliobaki walikuwa watu kama Baba.

Mkubwa wao alikuwa Bwana Seif, raia wa huku huku, mwenye kanzu nyeupe isiyoshika vumbi hata ikilazimishwa. Alikuwa amezaliwa Unguja akaletwa mtoto, na Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja ya wakati ule, hakijaguswa, kama vyombo vya kabatini vinavyongoja mgeni. Alikuwa mkali, mwenye kelele, hana subira hata ya chai kupoa. Alikuwa akiinywa ikichemka na kutulaumu sisi kwa kuungua kwake. Wa pili ninayemkumbuka ni Musoke, Mganda, mlinzi katika mnara mmoja kule Jumeirah Lake Towers, ambaye nyumbani alikuwa akilala nyuma ya pazia katika kile kilichowahi kuwa sebule yetu sote. Nilimuuliza siku moja kwa nini anakuja kuchimbua matairi.

"Kule kazini nasimama siku nzima nafungulia watu mlango," akasema. "Hapa, unaona mlango? Hakuna mlango."

Baba naye nilimuuliza. Akafikiri, akasema, "Hapa hakuna anayenipigia honi."

Tatizo kubwa la njia halikuwa matairi, lilikuwa matuta. Kobe wakipita sana mahali pamoja, mchanga hujikunja vituta vidogo vidogo kama ubao wa kufulia. Ukipita juu yake meno yanapiga ngoma, na wenye ngamia walikuwa wakilalamika kwamba ngamia wanateguka. Dawa yake ilikuwa kukokota kitu cha chuma, kizito, kipana, chenye matundu ya kupitisha mchanga, nyuma ya pikapu ya Bwana Seif, mduara mzima. Walikuwa na geti la zamani. Wiki mbili kabla ya ufunguzi wa msimu, watu wa klabu wakiwa wameshaalikana, lile geti likavunjika vipande viwili. Wakasimama duara kulitazama kama watu wanaotazama maiti wasiyemjua. Kisha Musoke, kwa maelezo ya Baba mwenyewe, akasema taratibu, "Ssebo, hicho kitanda chenu. Si Mama wa Mtoto analalamika kila siku kimekuwa shimo?"

Ni kweli Mama alikuwa akilalamika. Kitanda kile, futi nne, cha chuma na springi, tulikuwa tukilala mimi na yeye, na Baba kwenye godoro karibu na mlango kwa sababu anaamka mapema. Springi zilikuwa zimelegea katikati, hivi kwamba usiku tuliporomoka wote wawili tukakutana kwenye bonde. Mama alisema mgongo wake umekuwa herufi. Kwa hiyo Baba akaona ameua ndege wawili: njia itapata kifaa, na Mama atapata kitanda cha mbao, ambacho familia fulani ya jengo la jirani ilikuwa imeahidi kumwachia itakapoondoka. Mpango mzuri sana. Kasoro yake moja ni kwamba hakumwambia mtu.

Niliporudi shule siku hiyo, mahali pa kitanda palikuwa na mistatili minne ya vumbi pale miguu iliposimama, na godoro sakafuni.

"Kitanda kiko wapi?"

"Baba yako kakichukua," Mama akasema, pini mdomoni. Alikuwa fundi wa mabuibui na alikuwa akizungumza na pini mdomoni miaka yote ile bila kumeza hata moja. "Ni kwa muda. Kitakuja kingine."

Maneno yale yale. Nikakaa kwenye begi langu la shule. Nikauliza, "Friji lipo?"

"Friji liende wapi? Kanawe mikono."

Mtaniuliza, kwa nini hukumwambia mama yako ulichokuwa ukiwaza? Kwetu anayeondoka haulizwi. Kumwuliza mtu "mnaondoka lini" ni kama kumfungulia mlango. Hata Rukia sikumwuliza. Basi nikalichukua jambo langu kimya kimya kama mtu mzima. Kila nikitoka shule nilikwenda jikoni kwanza, nikafungua friji, nikalitazama, nikalifunga. Mama akadhani ni njaa, akawa ananiwekea mandazi. Katika wiki mbili zile nilinenepa kiasi cha kuchungulia miguu yangu kwa shida. Kisha akanishonea gauni la Idi, lenye upindo mnene chini wa kufumuliwa nikirefuka, na mimi nikajua gauni lile ni la kukulia huko ninakopelekwa.

Mombasa, kwetu, sikuwa naichukia. Nilikuwa nimekwenda mara moja, nikakumbuka kuku wa nyanya yangu na jinsi watoto walivyoniita Mwarabu kwa kuwa nilivaa viatu ndani. Lakini nilikuwa nimeshasikia habari za watoto waliorudishwa: baba anabaki kazini, na baba anakuwa sauti kwenye simu siku ya mapumziko. Hilo ndilo nililoliogopa. Baba mwenyewe nilikuwa namwona kwa kijiko. Sasa na kijiko kinachukuliwa.

Nikaanza kugawa vitu, kama ilivyo desturi. Aliyefaidika alikuwa Njeri wa ghorofa ya chini, ambaye mama yake alikuwa muuguzi.

"Unanipea hii yote?" Njeri akauliza, kopo la penseli mkononi.

"Chukua."

"Na hiyo kamba ya kuruka?"

"Chukua."

"Manze, kwani unaenda ocha, kwenu kabisa?"

Nikamtilia kamba mkononi. Anayeondoka haulizwi.

"Basi si uniachie pia viatu, zile za kung'aa. Huko kwenu hakuna lami."

Viatu nilimnyima. Nilikuwa na huzuni lakini sikuwa na wazimu.

Njeri akamwambia mama yake. Mama yake akamwambia Bi Mwanaidi. Huyu alikuwa mama mtu mzima wa Kizanzibari ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye mkataba wa nyumba, sisi wengine wote tukiwa chini ya mbawa zake. Bi Mwanaidi alikuwa mwenye heshima zake, na kwa heshima zake hakuuliza. Alisikitika chumbani kwake, akatia ubani, kisha akafanya jambo la busara: alikuwa amemwahidi Musoke kwamba chumba chochote cha dirisha kitakachopatikana ni chake, kwa kuwa mkewe anakuja kutoka Kampala. Akamwita akamwambia, chumba kipo, mwisho wa mwezi.

Musoke naye hakuuliza. Alisikitika pia, maana alimpenda Baba, kisha akaja na futi ya kupimia.

"Karibu," Mama akamwambia, mguu kwenye cherehani.

"Napima tu dirisha, mama. Samahani sana. Mungu atawasaidia huko."

"Amin," Mama akasema, akidhani ni habari ya mapazia. Aliitikia tu, mwanamke wa watu, na cherehani ikaenda nusu mita kabla hajasimama. Huko wapi?

Kesho yake jirani mmoja akamwuliza kwa upole kama cherehani imeshapata mnunuzi. Hapo Mama akaelewa kila kitu, na kila alichokielewa hakikuwa kweli. Mumewe ameamua kuwarudisha yeye na mtoto, ametoa kitanda, ametoa chumba, ameuambia mji mzima isipokuwa yeye. Alianza kukunja nguo. Baba alipoona nguo zinakunjwa, na kusikia huko ghalani kwamba cherehani ya mkewe inauzwa, naye akaelewa: mwanamke amechoka na Dubai, anataka kwenda zake na mtoto, na hana hata haya ya kumwambia. Naye akanyamaza. Nyumba nzima ikawa inaondoka, na hakuna anayekwenda popote.

Nakumbuka chakula kimoja. Wali, samaki, na kimya ambacho ungeweza kukikata ukakila pia.

"Nasikia cherehani inauzwa," Baba akasema.

"Nami nasikia dirisha linapimwa," Mama akasema.

"Mh."

"Mh."

Nikainuka nikaenda kulitazama friji.

Ijumaa ya ufunguzi Mama akavaa buibui lake zuri akasema leo na yeye anakwenda. "Nataka nilione hilo jangwa lililonishinda." Tukapanda gari la Musoke la kuazima, sote wanne, na nusu saa ile hakuna aliyezungumza isipokuwa Musoke, aliyesifu hali ya hewa mpaka ikaisha.

Njia ilikuwa nzuri. Lazima niseme. Sijawahi kuona kitu kilichonyooshwa vile katika maisha yangu, na nimeshaona Dubai yote ikijengwa. Matairi meupe yalikuwa yamejipanga kama meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Wenye kobe walikuwa wameegesha upande mmoja, wenye ngamia upande wa pili, katikati mkeka na birika na sinia la halua. Na nyuma ya pikapu ya Bwana Seif, kimefungwa kwa minyororo, kimebebeshwa magunia ya mchanga, kilikuwa kitanda changu. Nilikitambua kwa stika ya kipepeo niliyoibandika kichwani. Kijana wa Bwana Seif akawasha gari, kitanda kikaanza kwenda. Kilikwenda kama mtu mzima aliyevuliwa nguo hadharani, kimejikaza, kikiacha nyuma yake mchanga laini kama shuka. Nikakifuata kwa macho. Kikapanda, kikawa kidogo, kikapotea nyuma ya kile kilima kikubwa.

Basi nikajua hii njia inakwenda wapi. Nilikuwa nikijiuliza siku zote kwa nini Baba anaitengeneza kwa bidii vile, njia isiyo na duka wala msikiti. Ilikuwa njia ya Mombasa. Vitanda hupitishwa huku.

Bwana Seif akapiga makofi. "Jamani, njooni hapa nyote, yalla. Kabla hatujafungua, tuna neno. Huyu mwenzetu," akamshika Baba bega, "kafanya kazi hapa bila ya kulipwa hata pesa ndogo, na kitanda chake kakitoa. Sasa anakwenda zake kwao, na sisi khasa tumehuzunika, na mie sipendi kuhuzunika. Kwa hivyo kuleni halua."

Watu wakapiga makofi. Baba akatazama nyuma kuona ni nani anayezungumziwa.

"Nani anakwenda?" akauliza.

"Weye."

"Mimi nakwenda wapi?"

"Kwenu, bwana we. Ah, unaniuliza mie?"

"Nani kasema?"

Bwana Seif akamwelekezea Musoke kidole. Musoke akasema aliambiwa na Bi Mwanaidi. Mama akadakia kwamba Bi Mwanaidi anapata habari zake kwa mama Njeri, hilo linajulikana. Mama Njeri, nani alimwambia? Njeri. Na Njeri? Nyuso zile zote zikageuka taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka zikanifikia mimi, na halua mdomoni.

"Kitanda kimeondoka," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Waliokulia Ghuba pale walikuwa wachache, lakini waliowahi kuuza kitanda walikuwa wote.

"Na Mama alisema ni kwa muda," nikaendelea, sauti inaanza kunitoroka. "Mama Rukia alisema hivyo hivyo."

Baba akamtazama Mama. "Kumbe si wewe?"

"Kumbe si wewe?" Mama akasema.

"Mimi nilidhani umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini nikienda nitakwambia, tena kwa kelele."

Musoke alikuwa amekaa chini kwenye mchanga, mikono kichwani. "Banange," akasema. "Banange. Mke wangu ana tiketi."

Hapo ndipo kicheko kilipotaka kuanza kikakosa njia. Kila mtu alielewa. Bi Mwanaidi akishatoa neno halirudi, na mke wa watu hawezi kushushwa uwanja wa ndege akapelekwa nyuma ya pazia, chumba kidogo kiasi kwamba ukipiga chafya unalowanisha kuta zote. Musoke akasema atamwambia mkewe asije. Alisema mara mbili, na mara ya pili hakuimaliza.

Baba alichuchumaa mbele yangu. Nilidhani ni kofi.

"Tazama kule," akasema.

"Wapi?"

"Kule, upande wa kulia wa kilima. Ngoja."

"Ningoje nini?"

"Ngoja tu, mama."

Tukangoja. Ngamia mmoja akapiga kelele. Halua ikayeyuka juani. Kisha upande wa kulia kabisa, mahali ambapo sikuwa nikipatazamia, likatokea vumbi, na mbele ya vumbi pikapu, na nyuma ya pikapu, kimejaa mchanga mpaka kwenye kipepeo, kitanda changu kikirudi.

"Umeona?" Baba akasema. "Kinazunguka. Kikitoka hapa kinarudi hapa. Hakina pengine pa kwenda."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. Alikitazama kitanda kile kilichomvunja mgongo miaka yote kikija kwa heshima zote, watu wakikipisha. "Afadhali huku kina faida," akasema. Kisha, bila kugeuka, "Musoke. Mkeo aje. Sisi tutahamia kwenye pazia lako mpaka kipatikane chumba kingine."

"Mama, hapana."

"Khalas. Nimesema."

Baba akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani alikuwa anajifunza.

Ndivyo tulivyohama, uhamisho mfupi kuliko wote uliowahi kufanywa katika Ghuba: kutoka mlango wa kushoto hadi pazia la kulia, mabegi tukiyasukuma kwa miguu. Mke wa Musoke alipofika aliogopa kutuuliza sisi ni nani, maana kila asubuhi tulipita mlangoni kwake tukimwamkia kama wenye nyumba. Kitanda cha mbao kilikuja, hakikuingia, kikapewa wengine. Cha chuma kikabaki jangwani msimu wote kikivuta mchanga, nami kila Ijumaa nilikwenda na Baba kuhakikisha kwamba kinarudi. Kilirudi kila mara. Na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukiona, kwa sababu wengine walikuwa wakitazama upande kinakoingia.

Njeri hakunirudishia kopo la penseli. Alisema zawadi ni zawadi, hata mtu akighairi safari.

Njia ile haipo tena. Jiji lilitembea likaifikia, na mahali pa kilima kikubwa sasa pana nyumba zenye bustani, na watu wanaoishi humo hawajui kwamba wanalala juu ya matairi meupe. Waliojitolea walitawanyika. Siku ya kuvunja, Baba alikuwa hana la kubeba isipokuwa kitanda, akakileta nyumbani, akakinyoosha kwa nyundo, akabadilisha springi za katikati, akakipaka rangi. Hata hivyo mchanga haukutoka kwenye mabomba. Mama alifagia chini yake kila asubuhi kwa miaka yote iliyofuata, na kila asubuhi kulikuwa na mchanga wa kufagia. Alisema hiyo ndiyo zawadi yake ya ndoa, jangwa la kuletewa hadi miguuni.

Mwaka huu Baba amestaafu, na wazazi wangu wamerudi Mombasa, safari hii kweli. Mimi nimebaki. Nakaa Jumeirah Village Circle, nina kazi yangu, na umri wa kutoogopa fanicha. Nilikuwa nikipita kwao kila baada ya siku chache kuwasaidia kufunga. Kwanza kabati likaenda. Kisha jiko. Kisha friji, mapema mno kwa maoni yangu, wakawa wanakunywa maji ya moto kama chai isiyo na majani. Cherehani ilikwenda kwa mizigo ya meli. Mapazia yakaenda, wakawa wanavaa gizani ili jirani wa dirisha la pili asifaidike. Asubuhi ya safari nilipokuja kuwachukua, chumba kilikuwa kitupu, sauti inagonga kuta inarudi, na katikati kilikuwepo kitanda kile, kimetandikwa shuka safi, mito miwili, kama vile wanarudi jioni.

"Baba," nikasema, "hiki mbona hamkukiuza?"

"Walikuja wanunuzi," Mama akajibu kwa niaba yake. "Watatu. Kawafukuza wote. Tumelala humu mimi na yeye kama dagaa wawili, mtu mzima na mgongo wangu."

"Ungekitoa mapema, Baba, ungepumzika."

Baba alikuwa akivaa viatu, ameketi pembeni yake. Hakuniangalia. "Nilitaka kitoke mwisho," akasema.

Nikawapeleka uwanja wa ndege, nikarudi, mimi na mlinzi mmoja tukakishusha, na hapo ndipo mlinzi wa pili, yule mwenye adabu zake, alipokuja kuniuliza kama natupa au nauza. Chumba changu hakina nafasi. Meza ya kulia itabidi isimame wima. Nikamwambia aniitie pikapu.

Jioni Baba akapiga simu, nyuma yake kuku na watu wanaosalimiana.

"Kitanda kimetoka?" akauliza.

"Kimetoka."

"Na wewe?"

Nilikuwa nimeketi juu yake, sebuleni kwangu, mchanga mdogo unadondoka sakafuni.

"Mimi nipo," nikasema.